Kutafuta Raft katika maji ya East River

Feri ya Soundview huondoka gati la Wall Street, kusini kabisa mwa Manhattan, na kupanda East River hadi Bronx. Abiria wengi ni watu wanaotoka kazini, na wakishaketi huinamia simu zao. Mimi nilipanda ili nione mahali ambapo wachoraji wa katuni wamejenga gereza lisilokuwepo.

Wasomaji wa Marvel wanalijua. Linaitwa Raft, na vitabuni limewekwa katika maji haya haya, ubavuni mwa kisiwa kinachoitwa Ryker's. Kisiwa halisi ni Rikers. Waandishi wamebadilisha herufi moja tu. Raft huwafungia wale ambao jela ya kawaida haiwawezi, mathalani anayerusha umeme kwa viganja vyake au anayemtawala mtu kwa maneno matupu. Toleo la kwanza la New Avengers, lililoandikwa na Brian Michael Bendis na kuchorwa na David Finch, linaanzia humo. Mhalifu Electro anazima umeme, milango inafunguka, na wafungwa 42 wanatoroka usiku mmoja. Spider-Man, Captain America, Luke Cage na wengine waliokutana katika vurugu hizo ndio wanaokuwa kikosi kipya. Gereza lisipovunjwa, hadithi haipo.

Feri ikapita chini ya daraja la Brooklyn, la Manhattan, kisha la Williamsburg, na jengo la Umoja wa Mataifa likabaki kushoto. Kulia kuna kisiwa cha Roosevelt, ambacho leo kimejaa maghorofa ya kuishi. Katika karne ya 19 kiliitwa Blackwell's. Kilikuwa na gereza, na pia hospitali ya wagonjwa wa akili ambamo mwandishi Nellie Bly aliingia mwaka 1887 akijifanya mgonjwa, akaandika mateso aliyoyaona. Baada ya kituo cha East 90th mto unafika Hell Gate. Hapo mikondo inagongana na chombo kinatetemeka kidogo chini ya miguu. Mbele yake ni North Brother, kisiwa kidogo ambacho miti imemeza magofu ya hospitali. Mary Mallon, mpishi aliyebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua, alizuiliwa hapo mara mbili, na mara ya pili ilianza mwaka 1915 ikaisha kwa kifo chake mwaka 1938. Hakuna mahakama iliyompa kifungo hicho.

Kwa hiyo Raft haikutoka hewani. New York ina mazoea ya zamani ya kuwaweka majini watu ambao haitaki kuwaona.

Kisha Rikers ikatokea kulia, bapa na ndefu. Aliyezoea katuni atatafuta minara, taa za kumulika na kuta zinazotoka baharini, lakini hapa ataona majengo mafupi yenye rangi ya udongo, uzio juu ya uzio, na nyaya za miiba. Ndege za uwanja wa LaGuardia hutua ng'ambo ya kipande chembamba cha maji, chini kiasi kwamba ngurumo zake hukatiza mazungumzo kwenye feri. Jiji lilikinunua kisiwa hiki mwaka 1884, wakati kikiwa hakifiki ekari 100. Leo kina zaidi ya 400. Nyongeza hiyo ni majivu na takataka za New York zilizomwagwa majini kwa miaka mingi, na wafungwa walitumika katika kazi hiyo. Daraja la kuingia ni moja tu, kutoka Queens, lililofunguliwa mwaka 1966.

Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliniona nikiitazama Rikers. "Sisi wa Bronx, mwanangu," alisema, "karibu kila nyumba ina mtu aliyepita pale." Akarudi kwenye mifuko yake ya sokoni.

Watu wengi wanaoshikiliwa Rikers ni mahabusu. Kesi zao hazijaamuliwa, na wamo ndani kwa sababu hawajapewa dhamana au hawana fedha za kuilipa. Hapo ndipo katuni na kisiwa vinapoachana njia. Katika Raft hatuulizi nani ana hatia, maana mchoraji amekwisha kutuonyesha uovu wa kila mmoja, na kazi yetu ni kuogopa asije akatoka. Kalief Browder, kijana wa Bronx, alikamatwa mwaka 2010 akiwa na miaka 16, akituhumiwa kuiba mkoba wa mgongoni. Dhamana iliwekwa dola 3,000, na familia yake haikuweza kuilipa. Alikaa Rikers miaka mitatu akisubiri kesi, karibu miwili kati ya hiyo akiwa peke yake katika selo. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa. Mwaka 2015 akajiua akiwa na miaka 22. Hakuna toleo la Raft nililosoma lililonitisha kama hayo.

Filamu ya Captain America: Civil War ya mwaka 2016 ililigusa jambo hili la kufungwa bila hukumu. Humo Raft imehamishiwa katikati ya bahari, inazama na kuibuka kwa amri, na waliofungwa ni mashujaa wenyewe. Wanda, mmoja wao, amevishwa vazi la kumfunga mikono na kola shingoni. Hakuna jaji aliyeonekana, wala wakili. Naiona kuwa sehemu ya kweli kuliko zote katika filamu hiyo, na nasikitika kwamba inapita upesi, Captain America anakuja kuwatoa, mambo yanasonga.

Na gereza linaloelea lilikuwepo kweli. Upande wa Bronx, Hunts Point, kwa zaidi ya miaka 30 lilitia nanga tishari la ghorofa tano lenye vitanda 800 hivi, lililoletwa mwaka 1992 kwa sababu Rikers ilifurika. Wenyeji waliliita Boti. Lilifungwa mwaka 2023.

Rikers yenyewe bado ipo. Baraza la jiji lilipiga kura mwaka 2019 ifungwe, na sheria imetaja 31 Agosti 2027 kuwa mwisho, lakini ujenzi wa jela nne za kuchukua nafasi yake uko nyuma. Nawe mpenzi wa katuni, ukifika New York kabla ya siku hiyo, panda feri hii, kaa upande wa kulia kuanzia East 90th, na ukitazame kisiwa hicho ukijua kwamba wengi waliomo bado wanangoja kusikilizwa.