Miji Mitatu kwa Siku Moja? Mama Akagoma!

Binti mmoja anayesoma Marseille, Ufaransa, alipata ugeni wa mama yake kwa siku nne tu. Hawajaonana miaka miwili, basi akapania kweli: Aix asubuhi, Avignon mchana, Cassis jioni, zote siku moja! Kwenye simu mambo yalionekana rahisi. Avignon kwa TGV ni kama nusu saa, Cassis haifiki hata hiyo.

Tatizo, wadau, simu ilihesabu treni, haikuhesabu magoti ya mama. Stesheni ya Cassis iko kama kilomita 3 kutoka bandarini. Aix ina stesheni mbili, na ile ya TGV iko mbali na mji, ukishuka unatafuta basi. Halafu TGV unakata tiketi ya kiti na saa yake, ukichelewa imekula kwako. TER, yaani treni za mkoa, hazina kiti maalumu. Ukikosa hii unasubiri inayofuata.

Mama akaitazama ratiba, akacheka. "Mwanangu, nimekuja kukuona wewe au kuona stesheni?"

Wakabaki na Cassis peke yake. TER ya asubuhi, basi dogo hadi bandarini, samaki, halafu stori za miaka miwili bila mtu kutazama saa. Binti alikagua kitu kimoja tu mapema: treni ya mwisho ya kurudi.

Wewe ukipata siku nne na mzazi wako, ungempeleka miji mingapi?