Mtoto wa Mlangoni

Safari hii sina habari za mitihani. Nina jambo lililonikuta kwenye klabu yetu ya kusoma ya Jumamosi, na kwa kuwa kosa lilikuwa langu, afadhali mlisikie kwangu kuliko kulisikia bombani.

Ndani ya sanduku la vitabu vya msaada nilipata kijitabu kimoja cha Kiingereza, jalada halina. Ni hadithi ya zombi. Meli inazama, watu saba wanafika kwenye kisiwa, kumbe wafu wa kisiwa kile hutembea usiku. Wale saba wanajifungia ndani ya mnara wa taa. Akibisha mtu wanamuuliza jina, maana mfu hawezi kujitaja. Asiyejibu hafunguliwi. Nilikuwa nasoma kipande kwa Kiingereza, halafu naeleza kwa Kiswahili. Jamani, watoto walikuwa wananitangulia kufika! Hata wale wa mpira waliacha mpira.

Basi wakaugeuza mchezo. Wanasimama mlangoni pa darasa: "Jina?" Ukijibu unapita. Nikacheka, nikataja langu, nikapita.

Sasa kuna mtoto mmoja wa miaka tisa hivi, alifika na shangazi yake kutoka Kivu, na tangu afike hajasema neno. Anasikia, anaandika vizuri kuliko wengi, lakini kusema hapana. Jumamosi ya tatu nikaona hayumo. Nikauliza. "Mwalimu, ule mutoto ni msukule," mmoja akaniambia, bila hata aibu. "Tumemuuliza jina mara tatu." Alikuwa amekaa nje kwenye jua, daftari juu ya magoti.

Jioni shangazi yake akaja. Hakufoka. "Mwalimu, samahani, hili neno la msukule limetoka wapi? Leo bombani mama mmoja ameondoa ndoo yake karibu na yangu." Nilikosa pa kuweka uso.

Ninyi wazazi mnajua neno hilo si la mchezo. Sisi tunaotoka Kongo tumeona watoto wakifukuzwa nyumbani ati ni wachawi, mpaka Katiba ya 2006, kifungu cha 41, ikakataza kumsingizia mtoto uchawi. Na hapa Malawi, mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulipozuka kusini, upande wa Mulanje na Phalombe, watu waliuawa na makundi kwa maneno tu.

Usiku ule nikakumbuka Kauma. Kabla ya 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi wa mjini warudi huku Dzaleka, tulikuwa tumepanga kule Kauma, Lilongwe. Agogo mwenye nyumba alipenda kutuogopesha na ndondocha: maiti ambaye mchawi amemfufua, akamkata ulimi asimtaje, akamfanya wa kumletea mali. Na msukule wa Tanzania, waliopitia Nyarugusu wanamjua, ni ndugu yake kabisa: watu wamezika, wamelia, kumbe ati yuko shambani kwa mtu, analima usiku, anakula pumba.

Nikaanza kutafuta zombi ametoka wapi. Kweli ametoka kisiwani: Haiti. Wafaransa walijaza Waafrika kwenye mashamba ya miwa kule, wengi wao watu wa Kongo, na wataalamu wengi wanaona hata neno lenyewe lina asili ya Kikongo. Mtumwa alitumaini kwamba akifa roho yake itarudi Afrika. Hofu yake ilikuwa kufufuliwa afanye kazi tena, bila jina, bila sauti. Watu wa Haiti hawakuogopa kuliwa na zombi, waliogopa kuwa yeye. Hii ya kula watu imeletwa na sinema za Marekani, hasa ile ya George Romero ya 1968. Kule Haiti wanasema pia ukimpa zombi chumvi anazinduka, anakumbuka kwake.

Haya niliyaeleza Jumamosi iliyofuata, yule mtoto akiwa amekaa mbele. (Ile ya chumvi niliiacha makusudi. Nawajua, wangemjaza mdomo.) Nikauliza: ndani ya hadithi hii, nani ameibiwa? Kimya. Kisha msichana mmoja akasema zombi ndiye afunguliwe kwanza. Mwingine akabisha sana: je, akikuuma? Walibishana mpaka muda ukaisha.

Mchezo wa jina haujaisha, siwezi kuwadanganya. Ila sasa yule mtoto akifika wanampa chaki, anaandika jina lake mlangoni, anapita. Wengine nao wameanza kudai chaki. Mlango umejaa majina mpaka chini.

Juzi shangazi alikuja tena, akakaa nyuma akasikiliza. Tulifika pale mtu anapobisha kwenye mnara usiku wa mvua, anaulizwa jina, hajibu. Tulipotoka akaniuliza, "Sasa Mwalimu, yule wa mlangoni, walimfungulia?" Nikamwonyesha kitabu. Kurasa za mwisho zimechanika.

"Basi mumalizie ninyi wenyewe," akasema, akamshika mtoto mkono.

Klabu ni Jumamosi, saa tisa mchana. Mwenye mwisho wake aulete, kwa lugha yoyote.