Nilipokabidhiwa Nafasi ya Mwingine

Mpenzi msomaji, kama nawe ulikulia mjini katika ile miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya Vita vya Kagera, basi neno foleni halihitaji kufafanuliwa kwako. Utaukumbuka unga wa yanga. Utayakumbuka pia mawe, vikapu na makopo yaliyopangwa tangu alfajiri mbele ya duka la ushirika, kila kimoja kikishika nafasi ya mwenyewe.

Siku moja mwaka 1983, mama aliniacha katika foleni ya sukari, akaenda kazini. "Usibanduke hapo, mwanangu, mpaka nirudi," aliniasa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Wenzangu walipopita na mpira wa matambara, nikabanduka. Mama aliporudi, nafasi yetu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, na kabla ya adhuhuri sukari ikaisha. Dada yangu, aliyekuwa amejifungua siku nne tu zilizopita, akanywa uji mkavu. Mama hakunichapa wala hakunikemea. Laiti angalinichapa!

Hayo yote yalinirudia nikiwa mbali sana na nyumbani. Mwaka 2012 nilisafiri kwenda Guangzhou, China, kununua vipuri vya redio, na wakati wa kurejea nikapitia Hong Kong. Huko Sham Shui Po, mtaa wa wafanyakazi na wachuuzi wa vifaa vya umeme, nilikuta umati wa watu umesimama kando ya barabara mbele ya mgahawa mdogo uitwao Tim Ho Wan.

Yafaa ujue, ndugu msomaji, kisa cha umati ule. Mpishi Mak Kwai-pui aliwahi kufanya kazi katika mgahawa wa hoteli kubwa ya Four Seasons. Mwaka 2009 yeye na mwenzake, Leung Fai-keung, walifungua huko Mong Kok kijimgahawa cha viti 20 hivi, wakapika dim sum kwa bei ya mtu wa kawaida. Katika toleo la mwaka 2010, kitabu cha Michelin, ambacho huitunuku nyota migahawa iliyo bora, kikawapa nyota. Ndipo wakafungua na huu wa Sham Shui Po.

Dim sum ni vitafunio vidogo vidogo vinyweshwavyo chai, kama sisi tulivyo na sambusa na vitumbua. Vingi hupikwa kwa mvuke katika vikapu vya mianzi. Sahani moja haikufika dola 30 za Hong Kong. Siri ya bei hiyo ni chumba kidogo, meza za kushirikiana, na walaji wasiokaa wakipiga soga. Kwa hiyo foleni nayo ni sehemu ya malipo: kile usichokitoa mfukoni, unakitoa kwa miguu.

Nilipewa kipande cha karatasi chenye namba, nikasubiri. Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja mwenye mgongo uliopinda. Baada ya nusu saa akanitazama, akanikabidhi karatasi yake, akaelekeza kidole ng'ambo ya barabara, akaondoka bila kungoja jibu langu.

Namba yake ikaitwa, naye hayupo. Binti wa mlangoni akaiona karatasi mkononi mwangu, akaniashiria niingie. Ndugu msomaji, sikuficha kitu siku ile na sitakuficha wewe: njaa ilikuwa ikinikereketa, na hapakuwa na shahidi. Nikatikisa kichwa, nikaelekeza kidole ng'ambo ya barabara. Akaitwa mwingine.

Bibi alirudi akihema, mkononi ana mfuko wa dawa. Nikamwongoza hadi mlangoni, nikaionyesha karatasi yake, akaingizwa. Ilipofika zamu yangu, nikakalishwa meza ile ile aliyokaa yeye. Nilikula kamba waliofungwa katika unga mwembamba kama karatasi, na maandazi ya kuokwa yenye nyama tamu ya nguruwe ndani, ambayo ndiyo yaliyoupa mgahawa ule sifa. (Ambaye dini yake humkataza nguruwe na aulize kwanza, maana huingia katika vitafunio vingi vya aina hii.) Nilipommiminia bibi chai, aligonga meza taratibu kwa vidole viwili. Ndivyo wenyeji wa huko wanavyoshukuru bila kuyakatiza mazungumzo, ingawa sisi hatukuwa na mazungumzo ya kukatiza.

Niliporejea nyumbani nilimsimulia mama habari ile yote, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1983 nikaitaja ile sukari. Alinisikiliza huku akichambua mchele, asiinue uso.

"Na yule bibi," akauliza, "alikula?"

"Alikula, mama."

"Basi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.