Mizani Kabla ya Moab

Baba yangu mdogo aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, na sijawahi kumsikia akitaja mizani ya barabarani bila kusonya. Basi alicheka mpaka simu ikamponyoka niliposimulia kwamba hapa Denver nimepeleka gari mizani kwa hiari yangu, tena kwa kulipia.

Sababu ilikuwa kampa. Si ile ya kukokotwa. Hii ni kijumba kinachopakiwa kizimakizima kwenye bodi ya pikapu, kitanda kikitokeza juu ya paa la dereva. Ukirudi safari unakishusha, na Jumatatu pikapu inabeba mbao kama kawaida.

Ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa na kuta ngumu, choo na bafu. Muuzaji akasema ina kilo 590, pikapu yetu itaibeba bila shida. Nikafungua mlango wa dereva nikasoma kibandiko kwenye fremu: watu na mizigo, jumla visizidi kilo 780. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta. Zile 590 ni za kampa tupu. Maji lita 75, kilo 75. Betri, 25. Mtungi wa gesi uliojaa, 17. Mimi, mke wangu na mtoto wetu Neema, 175. Vyakula, matandiko na vyombo, 40. Jumla 922. Kumbe tulikuwa tunauziwa nyumba isiyo na maji wala wenyeji.

Tukachukua nyingine, mtumba, ya kilo 420. Paa lake huinuliwa kwa mkono na kuta za juu ni turubai. Bafu haina.

Kuipakia ndiko kulikonitoa jasho. Kampa husimama kwenye jeki nne, nawe unarudi nyuma mpaka bodi iingie chini yake, na kila upande nafasi haizidi vidole vitatu. Mke wangu alisimama nyuma akipunga mikono kama utingo mzoefu. "Kata kushoto, Baba Neema. Kidogo! Simama, simama!" Mara tatu nilitoka nikaanza upya. Mara ya nne ikakaa juu ya mkeka wa mpira unaoizuia kuteleza, nikakaza minyororo ya pembe nne. Huko mizani, nilipotoa uzito wa gari tupu, tulikuwa tumebakiza kilo 12. Kwa hesabu yangu zilipaswa kuwa 28. Zile 16 nilijua zilikotoka: mfuko wa mchele na sufuria mbili nzito, vilivyopakiwa nikiwa naoga.

Tukashika barabara kuu namba 70 kuelekea magharibi. Kwenye handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, pikapu ilipanda ikihema. Kuteremka nilitumia gia ndogo, maana breki peke yake zingeungua. Upepo wa ubavuni ulitusukuma kama mashua iliyopakiwa vibaya. Tuliposimama kunywa chai nilikuta mnyororo mmoja umelegea. Nikaukaza, na tangu hapo kila kituo nilizunguka gari kwanza, chai baadaye.

Ndani ya Utah tuliiacha barabara kuu tukafuata namba 128, inayoteremka na mto Colorado kati ya majabali mekundu mpaka mji wa Moab. Kando ya mto kuna viwanja vya kambi vya serikali. Anayewahi ndiye anayepata. Tulipata cha mwisho, chenye mteremko. Nilidharau. Usiku wote tulibingirikia upande wa Neema, na asubuhi maziwa yalikuwa ya vuguvugu, kwani friji ya gesi haifanyi kazi sawasawa ikiinama. Vipande viwili vya ubao chini ya matairi vikamaliza kesi. Neema akafungua zipu ya turubai akatazama mwanga wa jua ukishuka taratibu kwenye jabali la ng'ambo, akasahau kudai chai.

Mzigo ukizidi utaambiwa ongeza springi. Springi huinua mkia wa gari, lakini kile kibandiko cha mlangoni hakibadiliki, kwa hiyo kisome kabla hujamsikiliza muuzaji.

Mchele tulirudi nao Denver, nusu mfuko haujaguswa.