Ghala Limejaa, Mtoto Ana Njaa

Ukifika Sumbawanga mwezi wa Julai ukauliza kama kuna njaa, utachekwa. Mahindi yamejaa nyuani, malori yanapishana katika barabara ya Tunduma, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula unanunua nafaka itakayokwenda kuokoa mikoa mingine. Kwa miongo mingi Rukwa imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa inayolilisha taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba takriban asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta bado karibu nusu yao wamedumaa.

Ndugu msomaji, tafakari hiyo ndiyo iliyotukutanisha watu 14 katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Ufipa: wakulima, vijana waliomaliza shule, mwalimu mstaafu, nami. Katika kikao cha kwanza mjumbe mmoja alipendekeza tuchangishe fedha, tununue magunia ya mahindi na kuzigawia kaya maskini. Mama mmoja aliyealikwa kutusikiliza akauliza kwa upole: “Mnataka kuninunulia mahindi niliyoyalima mwenyewe?”

Kisha akatueleza mwaka wake ulivyo. Mwezi Juni huuza mavuno ili alipe deni la mbolea na kununua sare za shule. Wakati huo kila mtu anauza, bei iko chini, na mnunuzi hushindilia gunia kwa lumbesa. Ifikapo Januari ghala limekwisha, naye hununua kwa debe mahindi yaleyale kwa bei iliyopanda. Miezi hiyo ya mvua ndiyo ya kazi nzito zaidi shambani. Mama huondoka alfajiri, na mtoto mdogo hubaki na dada yake wa miaka minane, akila ugali mara moja au mbili kwa siku. Maharage yameuzwa, dagaa wa Ziwa Tanganyika huonekana siku ya mnada tu. Mababu wa Kifipa waliofukia nyasi chini ya matuta ya ntumba walikula ulezi na kunde. Leo mahindi yametawala shamba, soko na sahani.

Maelezo yale yalitupa kazi tatu. Ya kwanza ni ghala la pamoja. Kila kaya inayotaka huweka debe chache za mahindi na vibaba vya maharage wakati wa mavuno. Mali hubaki yake, imeandikwa daftarini, na haitolewi kabla ya Januari isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakumjua dumuzi. Kwa hiyo tunahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa.

Kazi ya pili ni chungu cha uji. Katika miezi ya palizi, watoto wadogo hukusanywa chini ya uangalizi wa bibi wawili na hupata uji wa ulezi wenye karanga, na mchana maharage na mboga za majani. Kuni na maji ni zamu ya wanaume. Kanuni hiyo ilijadiliwa kuliko nyingine zote, kwa sababu kujitolea kwetu mara nyingi humaanisha wanaume kuhutubia na wanawake kupika.

Kazi ya tatu ni kuuliza. Serikali ilizielekeza halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya lishe ya kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Tulipoomba katika mkutano wa hadhara tuelezwe fedha hiyo imefanya nini kijijini kwetu, kiongozi mmoja alinivuta kando. “Mwalimu,” akasema, “mkoa huu unalisha nchi. Ukisema tuna njaa, unatuaibisha.” Nilimjibu kwamba aibu si ya mtoto aliyedumaa.

Nawaandikia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: swali la mwananchi si uasi. Chungu chetu hakiwezi kuwa mbadala wa afisa lishe, mganga wa zahanati, wala bei ya haki kwa mkulima. Kikundi cha kujitolea kikigeuka kisingizio cha serikali kukaa kando, kitakuwa kimeisaidia njaa. Nanyi wanafunzi mnaotaka kuanzisha vikundi makwenu, msianze kwa fulana na mfadhili. Ketini na kina mama, mwandike mwezi kwa mwezi nini kinaingia ghalani, nini kinatoka, na nani anakiamulia.

Udumavu hujengeka katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Siku hizo zikipita hazirudi. Mtoto wa Ufipa hawezi kusubiri tani za mavuno ya mkoa zitangazwe. Anahitaji kula leo, mara ya tatu, chakula kilicho tofauti na cha asubuhi.