Kiwiko ni Wapi?

Kiswahili kimelitwika neno "uvimbe" mzigo mzito. Donge linaloota ndani ya titi huitwa uvimbe. Mkono unaojaa majimaji baada ya titi hilo kuondolewa nao husemwa una uvimbe. Kamusini utata huu haumdhuru mtu. Hospitalini humdhuru.

Mama mmoja, mkulima wa kahawa pande za Runyenjes katika Embu, alipasuliwa mjini Meru, titi la kushoto likaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Tezi hizo na mishipa yake ndizo njia ya kuyarejesha majimaji ya mkono kwenye damu. Zikiondolewa, au zikichomwa kwa miale, majimaji huweza kukosa pa kupitia, pengine hata miaka kadhaa baada ya upasuaji. Kwake ilikuwa miezi minane, bangili ikakataa kuvuka kiganja. Alipoambiwa ana "uvimbe mkononi", alielewa kuwa saratani imerudi. Jirani naye akataja matende, ilhali matende yaenezwayo na mbu nchini Kenya ni maradhi ya pwani, na mama huyo hajawahi kuiona bahari. (Wanaistilahi wangemletea "limfedema", neno ambalo lisingempunguzia hofu hata chembe.)

Huko Meru, daktari alilichunguza kwapa kwanza, kwani saratani iliyorudi nayo huweza kuiziba njia hiyo. Hakuona dalili yake. Kisha mtaalamu wa tiba ya viungo akaibonyeza ngozi kwa kidole gumba, kishimo kikabaki. Kishimo huonyesha kuwa maji yapo, lakini hakisemi ni kiasi gani, ndiyo maana utepe wa kupimia, kama ule wa fundi cherehani, ukatolewa. Alipima mikono yote miwili, maana mkono unaotumiwa zaidi aghalabu huwa mnene kidogo kwa maumbile yake, na tofauti ya sm 2 au zaidi mahali pamoja ndiyo ambayo wengi huihesabu kuwa dalili. Wa kulia ulikuwa sm 29, wa kushoto 33. Akaufunga bandeji, akamwandikia bintiye karatasi: "Kila wiki, pima sm 10 juu ya kiwiko."

Binti alipima kwa uaminifu. Alipata 26. Nyumba nzima ilishangilia, na bandeji ikatiwa sandukuni.

Wapo wanaoita kiwiko pale mkono unapokunjika, penye kisukusuku. Wapo wanaoita hivyo kifundo penye bangili, wala hakuna upande ulioiharibu lugha. Binti alikuwa wa kundi la pili.

Mkono ulipoanza kuwa mzito na ngozi kukaza, walikwenda Embu mjini, ambako ni karibu zaidi. Utepe ukasoma 35.

"Dada, hebu nionyeshe ulikuwa ukipima wapi," mtaalamu wa huko alimwambia binti. Alipoonyeshwa, hakumlaumu. Alitia alama kwa kalamu mkononi penyewe, akaandika upya: "Mama aulaze mkono mezani, asubuhi, kabla ya kwenda shambani, utepe uguse ngozi bila kuibana, mikono yote miwili." Neno kiwiko halikuwamo. Mahali pake palichorwa mkono uliokunjwa, na mshale.

Wiki ya tatu baada ya bandeji kurudishwa, binti alisoma 34. Mama aliomba kwanza aonyeshwe alama, ndipo akaiamini namba.