Huenda

Stori yangu iliyosomwa kuliko zote mwaka 2023 haikuwa ya siasa wala ya mpira. Ilihusu kipande kidogo cheusi kilichokuwa kimeinuka juu ya sumaku, huko Korea Kusini. Watu waliisambaza mno. Sijawahi kuandika yaliyofuata baada ya hapo.

Ili unielewe, lazima nianze na mama. Mwezi Juni mwaka ule nilimpokea stendi ya Mbezi, ametoka Korogwe, mgongo unamuuma hadi mguu wa kushoto unakufa ganzi. Daktari akaagiza kipimo cha MRI. Mlangoni mwa chumba cha mashine, kijana wa vipimo alimwomba avue bangili, hereni na pini za mtandio.

"Hata kama mashine haijawashwa?" nikauliza.

"Sumaku haizimwi, kaka. Usiku, mchana, sikukuu, iko kazini tu."

Si unajua waandishi tulivyo. Mama akiwa ndani, nilimganda yule kijana kwa maswali. Akanieleza kwamba ndani ya ile mashine kuna koili za waya wa niobiamu na titani, zimezamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi joto 269 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo waya hauna ukinzani hata chembe. Umeme ukishaingizwa na kufungiwa humo, unazunguka miaka na miaka bila kusukumwa na kitu. Umeme wa mtaa ukikatika, picha hazitapigwa, lakini sumaku yenyewe haina habari.

Fizikia nilisoma kwa Kiingereza hadi kidato cha nne, kwa hiyo neno "ukinzani" nilikutana nalo ukubwani. Ni ule ugumu ambao umeme unakutana nao unapopita kwenye waya, na hapo ndipo joto linapozaliwa. Kwa mwenye pasi, ukinzani ni faida. Kwenye waya mrefu unaoleta umeme mjini kutoka bwawani, ni hasara: sehemu ya umeme inaishia njiani ikipasha moto hewa. Kitu kisicho na ukinzani kabisa wataalamu wanakiita superkondakta. Mama alipolisikia hilo neno aliuliza ni konda wa basi gani huyo.

Tatizo ni baridi. Heliamu ni ghali, na kuitunza isichemke na kupotea ni kazi. Tulipokuwa tunatoka mama aliniuliza, "Sasa wa kule kwetu wasio na mtoto Dar wanafanyaje?" Sikuwa na jibu. Ila swali lile lilinikaa.

Mwezi uliofuata, mwishoni mwa Julai, watafiti wa Korea Kusini wakaweka mtandaoni maandiko mawili ambayo wenzao hawakuwa wameyapitia bado. Walisema wametengeneza kitu wanachokiita LK-99, mchanganyiko wa risasi, shaba, fosforasi na oksijeni, na kwamba ni superkondakta bila kupozwa, hadi nyuzi joto 127 juu ya sifuri. Yaani ungeweza kuchemsha chai kando yake na bado kifanye kazi. Kulikuwa na video pia: kipande cheusi, upande mmoja hewani, upande mwingine umegusa sumaku.

Niliiangalia ile video labda mara ishirini. Kila mara nilimwona mama mlangoni, anavua pini.

Niliandika stori kwa saa mbili. Kichwa cha habari kilianza na neno "Huenda". Mhariri akapita nyuma ya kiti changu, akasoma, akacheka: "Huenda? Kimepatikana au hakijapatikana?" Hakunilazimisha, niwe mkweli. Nililifuta mwenyewe. Halafu nikaongeza aya moja kwamba mashine za MRI sasa zitashuka bei na kufika hadi wilayani. Aya hiyo haikutoka Korea. Niliitoa moyoni.

Kufikia katikati ya Agosti mambo yalikuwa yamebadilika. Maabara mbalimbali zilikuwa zimejaribu kutengeneza LK-99 na kuipima. Ikaonekana ndani ya vile vipande kulikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo yenyewe hubadilika umbo kwenye nyuzi joto 104 hivi na ukinzani wake huporomoka ghafla. Kule kuinuka kulielezeka kwa usumaku wa kawaida. Taasisi ya Max Planck huko Stuttgart ilitengeneza fuwele safi za LK-99, bila ule uchafu. Zilikuwa na rangi ya zambarau, unaona hadi upande wa pili, na umeme haukupita.

Niliandika stori ya pili. Walioisoma wachache. Kichwa cha ile ya kwanza kilirekebishwa, lakini picha zake zilikuwa zimeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko hakuna mhariri.

Mama akapiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, kwa fahari kabisa, "Mwanangu, dada yako alinisomea habari yako. Jirani yangu naye alikuwa anajiandaa kuja huko kupimwa mgongo, nikamwambia subiri. Si umeandika mashine zinakuja huku?"

Jirani alikuwa anasubiri wiki ya tatu. Na maumivu yake.

Nilimwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe. Basi ngoja nikamwambie." Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Usiku ule nilisoma nilichopaswa kusoma kabla ya kuandika. Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake walikuwa wakipima zebaki kwenye baridi ya heliamu. Tarehe 8 Aprili ukinzani wake ulionekana kukaribia sifuri. Mwezi Mei waliirudia kazi, wakiacha joto lipande kidogo kidogo, wakingoja kuona ni wapi hasa ukinzani unarudi. Oktoba wakapima tena. Na baada ya uhakika wote huo, maelezo ya kwa nini inatokea yalikuja mwaka 1957, kutoka kwa Bardeen, Cooper na Schrieffer. Miaka 46 watu walikijua kitu na kukubali kwamba hawajakielewa.

Mwaka 1986, huko Uswisi, Bednorz na Müller waligundua aina za kauri zinazofanya kazi kwenye baridi isiyo kali kama ile ya zebaki. Mwaka uliofuata ikapatikana kauri inayotosheka kupozwa na nitrojeni, ambayo ni rahisi kuliko heliamu. Lakini kauri inavunjika kama kigae, na kuigeuza kuwa waya ni kazi ngumu. Ndiyo maana MRI nyingi bado ziko na niobiamu yao na heliamu yao, na ziko mbali na Korogwe. Hayo yote yalikuwepo ya kuandika. Yalikuwa kweli, na yangemsaidia jirani yake mama kupanga safari.

Alikuja Oktoba. Nilimpokea Mbezi, nikampeleka. Mlangoni akaitazama ile mashine, akanigeukia.

"Mwanangu, hii ndiyo ile uliyoandika?"

"Hapana, mama. Hii ni ya zamani."

"Ile nyingine itakuja?"

"Huenda," nikasema. "Lakini sijui lini."

Akatikisa kichwa kukubali, akavua pini za mtandio moja moja, akanikabidhi. Nilizishika hadi alipotoka.